Bakuli la Watu Halirudi Tupu

Katika komini ya Kisangani, kata kongwe ya mji wa Kongo wenye jina hilo hilo, ukitoka sokoni kushuka kwenye maporomoko ya Wagenya, watu walimjua Madina binti Nassoro kwa jambo moja lililowakera mno: alikuwa akibeba chakula wazi. Pondu ya majani ya muhogo, wali, samaki, lituma la ndizi za kupondwa, chochote alichompelekea jirani alikipitisha barabarani bila kukifunika, jua juu yake na inzi juu yake. Kwa watu wa ukoo wake, Waislamu wa zamani wa mji, waliofundishwa tangu utotoni kwamba sahani haitoki nyumbani bila kitambaa safi, huo ulikuwa utovu wa adabu hasa. Wenzake wakimwambia, "Yaya Madina, dada yetu, funika basi, batu batasema nini?" yeye alijibu, "Acha waone." Aliyeuliza mara ya pili alijibiwa kwa mgongo.

Wengine walisema ni kiburi, wengine wakasema ni uzee umemwingia mapema. Lahaula, watu wana midomo! Kiburi gani? Mwanamke yule hakubaki na kiburi hata cha kufungia kwenye pindo la kanga. Kaeni niwaambie kilitokea nini, kwa sababu waliokijua wengi wamekufa, na waliobaki wanakisimulia upande upande.

Baba yake, Papa Nassoro, alikuwa mfanyabiashara wa mpunga na nguo. Wabelgiji waliuita mji huu Stanleyville, lakini wenye Kiswahili chao hawajawahi kuuita ila Kisangani, na ndani ya Kisangani nyumba ya Nassoro ilijulikana kwa kutoa. Mwezi wa Ramadhani sahani zilitoka pale kila jioni, zimefunikwa, zikaenda kwa Mwislamu na kwa Mkristo, kwa Mgenya mvuvi na kwa Mtopoke aliyekuja kutafuta kazi. Zilifunikwa ili jirani asijue nani kapewa na kapewa nini. Na kama sahani zilivyotoka, zilirudi, na hazikurudi bure. Hata asiye na kitu aliweka kitu: yai moja, kitunguu, chumvi kidogo imefungwa kwenye jani.

Siku moja Madina akiwa mtoto alitumwa kurudisha sahani ya jirani, akala njiani zile karanga alizowekewa ndani, akafika na sahani inang'aa. Papa Nassoro alipojua hakumpiga. Alimshika mkono, akamrudisha kwa yule jirani na bakuli la mchele, akamsimamisha aombe radhi mbele ya nyumba nzima. Walipokuwa wanarudi alimwambia, "Mutu akikurudishia sahani tupu, amekuambia neno moja: nimekula, tumemaliza. Ile neno hatusemi kwa mutu tunayetaka kumuona tena." Mtoto akalia mpaka nyumbani. Neno lile likamkaa.

Alikua, akajifunza kushona na Kifaransa cha kutosha kwenye foyer, ile shule ya kina mama waliyofungua Wabelgiji. Akaolewa na Lukumani, karani wa posta, kijana mpole mwenye mwandiko mzuri. Siku ya uhuru, mwaka elfu moja mia tisa na sitini, Papa Nassoro alipika mtaa mzima ukala, na Madina ndiye aliyepakua mpaka mikono ikafa ganzi. Kila mtu siku ile alidhani shida imeshapita.

Weee! Ndio kwanza ilikuwa inafunga viatu. Mwaka wa sitini na nne wakaja Simba, waasi wale wenye dawa na majani kichwani, wakamchukua Lukumani kwa kosa la kujua kuandika. Hakurudi. Kisha wakaja wanajeshi wa serikali pamoja na Wazungu wa kukodiwa. Kile ambacho Simba walikiacha dukani, hawa walikibeba. Papa Nassoro alibaki amekaa kwenye kiti cha mkeka, macho yameingia ukungu asione zaidi ya kivuli, na binti yake mjane, na chungu kilichokaa kinywa wazi.

Hapo ndipo ilipokuja Komite. Ilikuwa Komite ya msaada, ya watu wema wa nchi za nje, na mkubwa wake mjini alikuwa Mademoiselle Élise, mwanamke mwembamba aliyechoka, asiyependa kelele. Walifungua jiko la supu kwenye uwanja mmoja karibu na maporomoko. Supu ya maharagwe, nzito, na kwa watoto maziwa ya unga. Siku ya kwanza kila nyumba ilipewa supu yake ndani ya bakuli jipya la bati jeupe, ukingo wa buluu, na ikaambiwa: kula, osha, urudishe kesho.

Wanasema mwenye njaa hana miiko. Aliyesema hivyo hakuijua nyumba ya Nassoro. Madina alijifunga kitenge mpaka kwenye nyusi, akapita njia ya nyuma, akaenda kusimama kwenye mstari wa wavuvi, mahali ambapo aliamini hakuna Mwislamu atakayemwona. Aliyekuwa mbele yake akageuka. Alikuwa Mama Clothilde, Mgenya, mjane aliyekuwa akiuza samaki nyumbani kwa Nassoro tangu Madina hajaota meno. Mgongoni alimbeba mjukuu wake, Pétronille, ambaye nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu na miguu kuvimba. Clothilde alimtazama Madina kwenye ule mwanya wa kitenge. Hakusema jina lake. Alisogea kidogo tu, akampisha apite mbele, na Madina akapita huku masikio yakimwaka moto.

Nyumbani Papa Nassoro alinusa. "Hii inatoka wapi?"

"Kwa shangazi Asha, papa. Banalia. Ametutumia."

Banalia! Mji ule uko mbali, na barabara yake wakati ule ilikuwa vizuizi na bunduki tupu, lori likipita salama watu walimshukuru Mungu kwa sauti. Papa Nassoro alichota kijiko, akakipuliza, kwa sababu kilimchoma ulimi, akala. Akasema, "Asha iko na roho muzuri. Lakini bakuli yake usirudishe tupu."

"Ndiyo, papa."

Basi Madina akaliosha lile bakuli, akatafuta cha kuweka ndani. Yai hakuna. Kitunguu hakuna. Hata chumvi wakati ule ilikuwa inafichwa kama dhahabu. Akalisukuma chini ya kitanda, akajiambia, nikipata kitu nitalirudisha. Kesho yake alienda kwenye supu na sufuria yake mwenyewe. Sufuria yako ni yako, unaweza kuinyoosha tupu ukaomba, hiyo ni njaa tu. Lakini chombo cha mtu aliyekulisha, umrudishie kitupu? Umwambie tumemaliza, na kesho unataka kula tena?

Na mstari mzima ulikuja na sufuria. Hakuna aliyepatana na mwenzake; kila mmoja alifikiri ni yeye peke yake. Komite ikaona mabakuli yake hayarudi. Ikaleta mengine kwa waliochelewa, nayo yakaenda moja kwa moja. Wapishi wa Komite, ambao walitoka mbali na hawakuijua nyumba ya mtu yeyote, wakaanza kunong'ona kwamba watu wa hapa ni wezi, wanauza bati la watoto kwa madereva wa malori. Watu nao hawakukaa kimya, wakasema yao juu ya Komite.

Mademoiselle Élise alitaka kujua ukweli, nitampa haki yake. Alitafuta mtu mwenye Kiswahili na Kifaransa apite nyumba kwa nyumba aulize watu wanaionaje Komite, kwa nini wanaisema vibaya, na mabakuli yamekwenda wapi. Akaletewa Madina. Aliambiwa asiandike chochote, maana baada ya Simba hakuna mtu aliyefungua mdomo mbele ya kalamu. Asikilize tu, kisha aje aseme. Malipo yatakuwa gunia la mchele kazi ikiisha. Madina akakubali, na moyoni alifurahi, nyinyi mnajua kwa nini. Aulizaye haulizwi.

Akapita. Majibu yalikuwa ya kila rangi. Muuza pondu alimwambia maziwa yale ya unga yanafunga uzazi. Fundi wa baiskeli alisema, "Komite inakula nyama, sisi tunakunywa maji ya mufupa." Mzee mmoja wa upande wa mto alisema, "Jana Bazungu balituma ndege na masasi, leo banatuma supu. Mukono iko ule ule." Wengine walisema tu, "Iko muzuri sana, tunashukuru, alors," na macho yanatazama mlango umalize uende. Lakini akiuliza habari ya mabakuli, wote walikuwa mabubu. Limepotea. Limevunjika. Bati, limevunjika!

Akafika kwa Clothilde. Mlango mdogo, harufu ya moshi wa samaki, lakini samaki wenyewe hakuna, kwa sababu mitego ya maporomokoni ilikuwa imebomolewa vitani na wanaume wa kuijenga upya walikuwa wametawanyika. Pétronille alikuwa amelala kwenye mkeka, tumbo juu. Madina akauliza, kama alivyotumwa, "Mama Clothilde, bakuli ya Komite iko wapi?"

"Haiko," akasema Clothilde.

Na lilikuwa nyuma ya kichwa chake, kwenye ubao wa ukutani, limesuguliwa kwa mchanga likang'aa, limefunikwa jani la ndizi juu ili vumbi lisiingie. Wote wawili walilitazama. Kisha wote wawili wakatazama chini. Siri ya mtungi aijuaye kata. Madina akajua palepale kwamba hakuna bakuli hata moja lililouzwa, kwamba katika kila nyumba ile alimoambiwa limevunjika kuna bakuli jeupe limekaa safi linangoja yai, linangoja samaki, linangoja mavuno. Alijua kwa sababu lake pia lilikuwa linangoja.

Alitoka pale na nia njema kabisa. Njia nzima alikuwa anajipangia Kifaransa: Mademoiselle, si wizi, ni heshima, wape muda, mwezi wa mpunga mtaona. Alikipanga kikanyooka.

Siku aliyoitwa kusema alikuta viti vimeongezwa. Alikuwepo mgeni, Monsieur Nicolas, aliyetumwa na wale watoaji wa nje kuja kuamua kama jiko liendelee. Na pembeni yake, kwa kofia yake nyeupe, Papa Jafari wa msikitini, rafiki wa Papa Nassoro tangu ujana, aliyealikwa kama mkubwa wa mtaa. Madina alipomwona, kile Kifaransa chote kikaanza kulegea.

Monsieur Nicolas hakuwa mkali. Alisema, "Kwetu watu wamechoka kutoa, madame. Wanauliza: tunatoa, na vinakwenda wapi? Nikirudi nikasema hata mabakuli yameibwa, nani atafungua mkono tena? Nisaidie. Niambie ukweli. Nyumbani kwenu mmewahi kupokea supu yetu? Bakuli lenu mlilirudisha?"

Kabla hajafungua mdomo Papa Jafari alicheka. "Huyu? Monsieur, huyu iko mutoto ya Nassoro! Ile nyumba ililisha mutaa muzima. Nassoro anakula supu ya mustari? Hapana, hapana!"

Sasa wewe unayesikiliza umeshiba, utasema: si angesema tu desturi, akaacha ya kwake? Ni rahisi. Lakini angesema "wanaona haya," mgeni angesema "nionyeshe nyumba moja." Na Jafari aliijua kila nyumba, angeuliza nani, yupi, na mwisho wa maswali ungekuwa chini ya kitanda cha Madina. Aliona kama bakuli lile linaonekana kutoka pale alipokaa. Alimwona baba yake akiambiwa mbele ya msikiti kwamba amekula cha mstari.

"Hapana, Monsieur," akasema Madina. "Sisi hatukuhitaji."

"Basi mabakuli yako wapi?"

"Sijui." Wote walikuwa wanamngoja. "Labda wameuza."

Kinywa jumba la maneno, na neno lile lilikuwa limetoka nje. Mademoiselle Élise alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekuwa anaombea asisikie hilo. Papa Jafari alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema vita vimeharibu watu. Na Madina, badala ya kusimama akasema jamani nimekosea, alikaa, akapokea chai aliyopewa, akainywa. Chai iliteremka. Alijishangaa baadaye kwamba iliteremka.

Jiko likafungwa. Komite ikapakia vitu vyake ikaenda mahali pengine, penye watu waaminifu zaidi. Madina akapewa gunia lake la mchele kwa kazi nzuri.

Utafikiri sasa angelijaza lile bakuli, mchele si upo? Hakuweza. Kulitoa sasa kungekuwa kukiri. Likabaki chini ya kitanda, na juu ya kitanda Madina hakupata usingizi. Kila asubuhi alisema, leo nitampelekea Clothilde mchele wa yule mtoto. Kisha akawaza: akiniuliza umetoka wapi? Akiniuliza mbona jiko limefungwa? Ngoja kesho. Kesho ikaitwa kesho nyingine. Papa Nassoro alikula wali wa Komite bila kuuliza lolote, na Madina alikula naye.

Mvua kubwa ndiyo iliyomchukua Pétronille. Watoto wengine wa mtaa walikonda wakapona, Mungu akawavusha kwa kula majani na viwavi vya msituni. Yule hakuvuka. Madina alikwenda kwenye matanga, akakaa nyuma kabisa, karibu na wanawake wasiojulikana. Clothilde alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka, hatazami mtu. Hakulia kwa sauti. Madina alitamani ardhi impasukie chini ya miguu, ardhi ikakataa. Aibu ya kweli haiui, hiyo ndiyo shida yake. Inakuacha mzima, unapika, unafua, unaitikia salamu.

Kisha mpunga ukaiva. Wanaume waliobaki wakasimamisha tena miti kwenye maporomoko, wakatega mitego yao mikubwa, na samaki wakaingia. Moshi ukarudi kwenye mapaa.

Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka kuswali, Papa Nassoro amekaa barazani kwenye kiti chake. Madina akasikia miguu mingi barabarani. Akatoka. Wanawake walikuwa wanakuja, wa Kigenya kutoka chini, na wa Kiislamu wa mtaa wake mwenyewe, wale waliomwambia limevunjika. Kila mmoja mikononi ana bakuli jeupe la ukingo wa buluu. Lenye mchele, lenye ndizi za makemba, lenye karanga, lenye mayai mawili yanagongana. Mbele yao Mama Clothilde, na bakuli lake limejaa samaki wa kukaushwa, wamepangwa vizuri, vichwa upande mmoja.

Machozi yalimtoka Madina. Alidhani wameleta shukrani za supu, maskini, akaona haya zaidi. "Mama Clothilde," alisema, "Komite imeshaenda."

"Tunajua."

"Sasa mbona munaleta kwangu?"

"Wewe ndiye ulikuwa unauliza mabakuli," akasema Clothilde. "Donc tumeleta kwa mwenye kuuliza." Akaliweka lake chini, barazani, karibu na miguu ya Papa Nassoro. Wengine nao wakaweka, mmoja baada ya mwingine, safu ikajaa ikageuka ya pili. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyecheka.

Hapo Madina akaona jambo lililokuwa mbele ya macho yake muda wote: hakuna bakuli hata moja lililofunikwa. Yote yamepita barabarani wazi, kutoka maporomokoni mpaka pale, mtaa mzima umetoka milangoni unatazama.

"Hamukufunika," akasema.

"Hapana. Hatukufunika, batu baone ndani." Clothilde alinyoosha mgongo. "Papa Jafari alirudi ile siku akasema sokoni, vita imeharibu batu, hata mutoto ya Nassoro amesema tumeuza. Alisema na uchungu, hakujua. Sisi tulinyamaza. Tulisema, mupunga itaiva. Alors, imeiva. Angalia, Madina. Hesabu wewe mwenyewe, uone kama tuliuza."

Hakuna tusi ndani yake. Madina angelipokea tusi kwa mikono miwili. Alitafuta pa kuweka macho, na kila alipoyaweka palikuwa na bakuli.

"Hii moja iko ya Pétronille," akaendelea Clothilde, akigusa samaki kwa kidole. "Alikula ndani yake. Mutoto alikula ya batu, haiwezi kurudi tupu kwa sababu amekufa." Kisha akasema kwa upole, na upole ule ndio uliomkata Madina, "Yote imerudi. Imebaki moja."

Wanawake walimtazama Clothilde, hawakuelewa. Madina alielewa. Kwenye mstari wa supu, kitenge mpaka nyusi, na mtu mmoja tu aliyeona, aliyempisha, na aliyefunga mdomo miezi yote ile, hata mjukuu wake alipokuwa anazikwa.

"Madina." Alikuwa Papa Nassoro. Alikuwa ameinama, anapapasa mabakuli kwa vidole, ukingo kwa ukingo. "Leta ile bakuli ya Asha."

"Papa..."

"Supu ya Banalia ilikuwa inafika moto, mutoto yangu. Miye niko kipofu ya macho, si ya ulimi." Aliendelea kupapasa ukingo wa bati. "Nilijua siku ya kwanza. Nilisema nikinyamaza, heshima yangu inabaki, na wewe unaniletea tena. Ni miye nilikufundisha kudanganya. Leta."

Madina aliingia ndani. Alipiga magoti, akalivuta chini ya kitanda, limejaa vumbi na buibui. Ya wenzake yalifunikwa majani, lake lilikuwa na buibui. Akaliosha, akalijaza mchele uliobaki kwenye gunia la Komite, kwa sababu mwingine hakuwa nao, akatoka nalo hadharani, akaliweka mwisho wa safu. Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. "Na yeye?" "Hata Nassoro?" Papa Jafari alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na kofia yake nyeupe, mdomo wazi.

"Ni mimi," akasema Madina. "Nilikula. Nilijua hamkuuza. Nilisema mumeuza."

Clothilde aliinama, akatazama ndani ya lile bakuli kama mtu anayekagua samaki sokoni. "Bon," akasema. "Sasa iko yote." Akafunga kitenge chake vizuri, akashuka na wenzake.

Jioni ile baba na binti walikula samaki wa Pétronille, kwa sababu kukataa chakula cha mtu ni tusi kubwa kuliko lile alilokwisha kutukana. Mabakuli mengine Madina aliyarudisha siku zilizofuata, moja moja, kila moja na kitu ndani, na wenye nyumba waliyapokea, na baada ya muda yakarudi kwake na kitu. Yanazunguka mpaka leo kwenye komini ile, bati limetoboka na kuzibwa, na watoto hawajui yalitoka wapi.

Lakini la Pétronille alilirudisha kwanza, kesho yake asubuhi. Alipika wali wa mawese mapya na samaki mkubwa juu, akalijaza mpaka ukingoni. Alichukua kitambaa, akakitazama, akakiacha. Alishuka barabara nzima mpaka maporomokoni, chakula kiko wazi, watu wanaona.

Clothilde alikuwa mlangoni anasafisha samaki. Alinawa mikono, akapokea bakuli kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akaingia ndani. Madina alisikia wali ukimiminwa kwenye sufuria, kijiko kikikwangua mpaka chini. Kisha maji, kisha mchanga ukisugua bati.

Clothilde akatoka. Bakuli lilikuwa linang'aa. Ndani yake hapakuwa na yai, wala kitunguu, wala chumvi kwenye jani. Akamwekea Madina mkononi.

"Tumemaliza, Madina," akasema.

Madina akapanda nalo barabara ile ile kurudi nyumbani, tupu, wazi, na kila mtu aliyekaa mlangoni alimwona.